Olympus TG-6 kwa kazi ya picha za pwani: maoni yangu kutoka Pemba

Wengi mnaniuliza ile kamera nyekundu ndogo ninayozunguka nayo madikoni, kule vyombo vya uvuvi vinakoshusha samaki, ni ya aina gani, inafaa au haifai, inapatikana wapi, basi leo nimekaa niandike mara moja maana wengine naona mshaanza kukusanya hela na kuna mambo ningependa myajue kabla hamjatoa pesa. Ni Olympus TG-6. Ilitoka 2019, na tangu 2021 biashara ya kamera za Olympus imehamia kampuni nyengine inayotumia jina la OM System, ndiyo maana mdogo wake, TG-7 ya 2023, hamtaona neno Olympus usoni. Msichanganyikiwe, ukoo ni mmoja.

Niseme mapema kabisa, hii kamera sikuinunua mie. Imenunuliwa na mradi wa utafiti ninaousaidia, utafiti wa wavuvi wadogowadogo, hasa hawa wanawake wanaokwenda pwani kwa miguu kutafuta pweza na chaza. Na mie si mpiga picha wa harusi wala wa mahoteli, kwa hiyo anayetaka kujua rangi zinatokaje jua likizama atafute maoni ya mwengine, yako mengi. Mie kamera naipima kwa jambo moja: ikishapiga, yule mwenye maisha yake mle kwenye picha ataiona, ataielewa, atapata la kusema, au picha itaishia kwenye kompyuta ya mtu.

Na kwa nini nalipima hilo. Pwani zetu hizi zimetafitiwa sana jamani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Unguja tangu 1978, na wageni wanakuja kila msimu na madodoso yao, unavua nini, unapata kilo ngapi, unamuuzia nani, hela unafanyia nini, mtu anajibu huku pweza wake wanakaukia kwenye ndoo, halafu mgeni anapanda boti anaondoka na habari imekwisha. Ripoti ikitoka ni ya Kiingereza. Wakikumbuka kurudisha matokeo basi ni semina, ukumbi wa mjini, chupa ya maji, sambusa mbili, projekta, grafu yenye mistari mitatu ya rangi, sheha, kiongozi wa mtaa, anashukuru kwa niaba ya wote, watu wanasaini karatasi ya mahudhurio wanarudi makwao. Nimekaa kwenye hizo semina nikamwangalia bibi mmoja ambaye shimo la pweza analitambua kwa mbali kwa magamba tu yaliyotupwa mlangoni, lakini ile grafu anaitazama kwa heshima tu, hana la kufanya nayo, na si kwa upungufu wake yeye, ni kwamba wakati wa kuichora hakuna aliyemfikiria. Linaniuma sana hili na sitaki kujifanya haliniumi.

Sasa mradi ulipokuja na fikra ya picha nilifurahi. Fikra yenyewe ina miaka, kina Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini huko Yunnan, China, miaka ya 90, wapige maisha yao wenyewe kisha wakae pamoja wazizungumze zile picha, na 1997 wakaiandika vizuri kama njia ya utafiti, na toka hapo imefanywa kwa wakulima, kwa wagonjwa, kwa wavuvi, dunia nzima. Ila wale walikuwa nchi kavu. Kwetu ukimpa mwanamke kamera unampa mtu ambaye baada ya muda kidogo yumo kwenye maji ya magoti, mkono mmoja mchokoo wa kumtolea pweza shimoni, mkono mwengine ndoo, kanga imelowa mpaka kiunoni, chini miamba inakata na jua linachoma. Kamera ya kawaida hapo haimalizi bamvua moja, zile siku chache maji yanapokupwa sana.

Hapa ndipo TG-6 inapostahili sifa. Inaingia maji mpaka mita 15 bila kava lolote, kampuni inasema inahimili kuanguka kutoka mita 2.1 na kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100, na yenyewe ni gramu 253 tu, inakaa kwenye kiganja cha mtu mzima na inakaa hata kwenye fundo la kanga. Kwa wanawake wanaotembea mita 15 ni nyingi kupita haja. Kwa wazamiaji ni habari nyengine, wengine wanashuka zaidi ya hapo, na chini ya mita 15 inataka kava lake la kupigia mbizi ambalo linafika mita 45 lakini linauzwa mbali na ni ghali, hivyo kama kazi yako ni ya wazamiaji lihesabu tangu mwanzo.

Siku ya kuzigawa kamera, bi mmoja wa makamo alinirudishia yake akanambia, "Mwanangu, mie kitu cha watu n'takivunja, nipigie weye." Nikamwambia bi, hiki kichovye. Akaniangalia kama nimepungukiwa. Tukakichovya kwenye ndoo yake mbele ya wenzake, tukakitoa, nikampiga picha papo hapo maji yanachuruzika, akaiona kwenye skrini, na toka hapo habari ya kuvunja ikafa. Nawaambia hili kwa sababu uoga wa kuharibu kitu cha watu ndio unaoua kazi hizi, mtu anaiweka kamera kabatini ndani ya mfuko wa plastiki anaitoa siku mnayokuja kuichukua, picha zote zimepigwa barazani. Kamera ambayo mtu haiogopi ni kamera itakayofika mwambani.

Vitufe vyake ni vya kubonyeza, skrini haiguswi. Wapo wanaolalamikia hilo, mie nashukuru, maana kidole kilicholowa maji ya chumvi na skrini ya kugusa havielewani kabisa, mwenye simu anajua. Lile gurudumu la juu liweke kwenye P, kamera ijipangie mwanga yenyewe, libandike plasta lisizunguke, mfundishe mtu vitufe viwili tu, cha kupiga na cha kuangalia, inatosha. Mambo ya RAW na video ya 4K yamo ila kwa kazi hii sijayahitaji sana.

Na picha walizopiga, wallahi, mtafiti hazipigi. Mtafiti akishika kamera anapiga ngalawa, tanga, machweo, mtoto aliyeshika samaki. Wao walipiga nyayo zilizochanika. Walipiga njia ya kwendea pwani, ndefu, mikoko pande mbili, hakuna mtu. Walipiga jiko. Walipiga ndoo kutoka juu, ndoo tupu, ndoo nusu, ndoo yenye pweza mmoja. Na zaidi ya mmoja wakapiga mizani ya mchuuzi. Ile mizani ya kuning'iniza, pweza kwenye ndoana na mshale pale, na tulipokaa kuzizungumza picha mazungumzo yote yakahamia hapo, nani anashika mizani, nani anasoma namba, kwa nini pweza akipimwa nyumbani anakuwa na uzito mwengine, kwa nini bei inatajwa baada ya kupima na si kabla. Dodoso lilikuwa na kurasa na kurasa na swali la mizani halikuwamo. Picha ndiyo iliyolileta, na likaingia kwenye utafiti.

Nitoke nje ya kamera kidogo. Utafiti mkubwa uliotolewa 2023 na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wenzake ulionesha kwamba wavuvi wadogo wanaleta si chini ya asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani, na katika kila watu 10 walio kwenye kazi hiyo 4 ni wanawake, ukiwahesabu na wale wanaovua kwa kitoweo cha nyumbani. Wanne katika kumi! Sasa nenda diko lolote, Tumbe, Wesha, Kojani, sema neno mvuvi uone watu wanamfikiria nani. Wanamfikiria mwanamme na chombo chake. Anayevua kwa miguu hana chombo, hana namba ya usajili, na palipo na hesabu za vyombo yeye hapati pa kuandikwa. Picha ya mikono yake inamweka pale ambapo takwimu imemruka, na ndiyo maana mie nabishana na watu wanaosema picha ni pambo tu la ripoti.

Turudi. Kitu ambacho TG-6 inazishinda kamera nyingi za bei yake ni kupiga karibu. Ina hali ya mikroskopu, unasogea mpaka sentimita 1 kutoka kwenye lenzi na bado picha inakaza, ndani ya maji au nje. Nilidhani ni ya kupiga vidudu vya watoto wa skuli, lakini kwenye uvuvi ina kazi za maana. Macho ya nyavu unayapiga pamoja na rula na ubishi wa inchi ngapi unakwisha. Mwani uliougua, ule weupe unaoanza kwenye tawi kisha tawi linakatika, mkulima anauona ukubwa wa ukuta na anaanza kueleza umeanza lini na maji yalikuwa ya moto kiasi gani, na hawa kina mama wamelima mwani tangu ulipoanza kibiashara Unguja 1989 na baadaye huku kwetu, wana mengi vichwani.

Na mayai ya pweza. Hii picha nitaizungumza zaidi maana ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Mmoja wa wanawake aliiingiza kamera mdomoni mwa shimo akapiga, flashi ikawaka, na ikatoka picha ya pweza jike amejikunja nyuma na mbele yake mashada ya mayai madogomadogo yananing'inia kutoka juu ya mwamba. Tuliichapisha A3. Pweza wa kwetu huyu wa mwambani anaishi kama mwaka mmoja na kitu, jike anataga mara moja tu maishani, akishataga hatoki, hali, anayalinda na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Na katika miezi yake ya mwisho anakua kwa kasi kubwa sana, ndiyo siri ya kufunga mwamba kwa miezi mitatu kama wanavyofanya Kisiwa Panza huku Pemba kwa msaada wa shirika la Mwambao, mnaacha kidogo tu mnakuta pweza wakubwa. Maelezo haya watu wameyasikia kwenye mikutano mara nyingi. Lakini mbele ya ile picha watu walisimama. Wavuvi wanaume, vijana, wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, huyu akitolewa yale yanakuwaje, na mzee mmoja akajibu yeye, sisi wa mradi tukanyamaza. Hiyo ndiyo kurudisha utafiti kwa watu.

Sasa lililo muhimu kuliko yote kwa anayetaka kuinunua, na hili sijaona likiandikwa kwenye maoni ya kamera: GPS. TG-6 ina GPS ndani, inaweza kuandika kwenye kila picha mahali ilipopigwa, na ina kidude pembeni juu cha kuwasha kurekodi njia yote uliyopita. Wauzaji wanaisifia, kwa watalii na wapanda milima ni raha. Kwetu ni hatari. Mwamba wa mtu ni siri yake. Kuna familia shimo la pweza limerithiwa, mama kamuonesha binti, binti hamuoneshi jirani, na wavuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, vilevile hawasemi walipoyashusha. Ukimpa mtu kamera yenye GPS iliyowashwa, kisha ukazikusanya picha, ukazituma kwenye grupu la WhatsApp kama dokumenti au ukazipandisha mtandaoni kama zilivyo, umemtolea siri yake bila yeye kujua, na anayejua kuzisoma zile taarifa za picha anapata mwamba kwa hatua. ZIMENI GPS. Ingia kwenye menyu, zima, kisha hakikisha na kile kidude cha juu kipo kwenye kuzima, na kabla ya kugawa picha safisha taarifa zake kwenye kompyuta. Kama utafiti unahitaji kweli sehemu, muulize mwenyewe, na umwambie nani atakayeiona. Kwa mradi wowote unaofanya kazi na wavuvi hili liwe la kwanza kabla ya kufundisha mtu kupiga.

Usiku haina maajabu. Dagaa kwetu wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na ingawa lenzi yake inafunguka vizuri, f/2.0, sensa ni ndogo kama kamera zote ndogo za aina hii, picha zinakuwa na chengachenga na chombo kinayumba, nyingi zinatoka na ukungu. Kwa dagaa subiri alfajiri vyombo vinaposhusha, mwanga wa hapo inauweza vizuri. Zumu yake ni mara 4 tu, kwa hiyo ukiwa nchi kavu usitarajie kumpiga mtu aliye mbali baharini, na mie naona hiyo ni adabu, mtu ukitaka kumpiga picha umsogelee na umuombe.

Kuchapisha. Kamera ni megapikseli 12, yaani picha ya 4000 kwa 3000. Wapo watakaokwambia ni chache siku hizi, simu zina zaidi, lakini hesabu yake kwa karatasi iko hivi: A4 inatoka safi kabisa, A3 inatoka nzuri ya kusogelea kwa pua, A2 ni ya kutazamwa hatua mbili tatu. Sisi A3 imetutosha. Mie nashauri karatasi ya picha iliyopigwa laminesheni kuliko bango la plastiki, bango linahimili mvua lakini rangi zinakuwa za tangazo la duka, ngozi za watu zinageuka, na mtu akijiona kageuzwa rangi hafurahi. Na picha ya karatasi kwetu ina heshima yake ya zamani, Capital Art Studio pale Barabara ya Kenyatta Mji Mkongwe wamekuwa wakipiga na kuchapisha tangu 1930, nyumba nyingi za wazee zina picha za studio ukutani au sandukuni. Mtu akipewa picha ya karatasi anajua hii yangu, naiweka. Kwa hiyo kila aliyepiga au kupigwa apewe nakala yake mkononi, sio kutumiwa kwenye simu ya mume.

Maneno ya chini ya picha yawe yao. Tulichofanya, mtu anazungumza tunamrekodi, tunaandika sentensi moja mbili kama alivyosema, tunamsomea, akikubali ndipo yanachapwa, makubwa. Mmoja aliyepiga miguu yake alisema "Wanunuzi wanaiona ndoo, hii hawaioni." Yakaandikwa hivyohivyo. Ungempa msomi aandike ungepata aya nzima isiyosomeka, na kwa wasiosoma pawepo mtu pale wa kuwasomea, watoto wa skuli wanaifanya hiyo kazi kwa raha.

Na mzitundike wapi, lini. Diko, tafadhali, sio ukumbini. Kamba kati ya minazi au nguzo za banda la mnada, vibanio vya nguo, basi. Muda ndio wenye hesabu yake na ambao si wa pwani hawaujui. Wavuvi wa dagaa wanapumzika mwezi ukiwa mpevu kwa sababu taa haishindani na mbalamwezi. Wanawake wa pweza ndio wakati wao wa kwenda maana ni bamvua, lakini bamvua kwetu maji yanakupwa asubuhi kwenda mchana, ikifika alasiri yamejaa na wamerudi. Kwa hiyo alasiri za mwezi mpevu, baada ya swala, ndipo utawapata wote, waliotoka pwani na walio mapumzikoni. Mradi uliojipangia Jumatano saa 3 asubuhi kwa sababu ndiyo siku gari ya ofisi ipo utawaonesha picha kuku.

Ruhusa nisiipitie juujuu. Kuna barua ya kibali cha utafiti, kuna sheha, kuna kamati ya uvuvi, hizo zote sawa na ni lazima, lakini ruhusa ya ofisini si ruhusa ya mtu. Mwanamke aliyeko pwani kajifunga kwa kazi, hakujivalia kwa ajili ya macho ya diko zima, kwa hiyo hata kama mwenzake ndiye aliyempiga, yeye aione picha kwanza kabla haijachapishwa, na akisema toa, inatolewa bila kuulizwa sababu. Tuligundua mapema kwamba wao kwa wao wanapigana kwa stara, mgongo, mikono, kivuli majini, na picha zikatoka nzuri kuliko za nyuso. Tena kuna zile zenye vifaa vilivyokatazwa na Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar namba 7 ya 2010 na kanuni zake, mtu kapiga nyavu za kukokota pwani ya kwao na nyuma wanaonekana watu na namba ya chombo. Picha hiyo ni ushahidi, inaweza kumfikisha mtu mahali, na aliyepiga akaonekana msaliti kijijini na anaishi humo humo. Sisi hizo hatuzitundiki. Tunazizungumza ndani, jambo lake linaingia kwenye utafiti, picha inabaki.

Na umasikini. Watu wa nje wanapenda picha ya shati lililochanika. Wenyewe tulipowapa wachague za kutundika walichagua chombo kimejaa, mama anacheka na pweza mkubwa, na zile za nyayo na mizani pia walizichagua, hawakuficha shida, ila waliitaka shida yenye maelezo yake. Nawaomba sana wanaofanya kazi hii, uchaguzi wa mwisho waachieni wao.

Utunzaji, haraka haraka. Betri kampuni inaihesabia picha 340 kwa chaji moja, kwa asubuhi ya pwani inatosha, na inachajiwa kwa waya ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo visiwani ambako umeme hauaminiki pawabenki inakuvusha. Kamera hii haielei! Ikiponyoka inakwenda chini, hivyo ifungieni boya, kipande cha ndara kuukuu kilichotobolewa kwenye kamba ya mkononi kama wavuvi wanavyofanya kwenye nyavu kinaibeba vizuri, ila kijaribu kwanza kwenye ndoo. Ikitoka baharini itie kwenye maji baridi ya kisima, iache humo kidogo, isuguesugue vitufe chumvi itoke. Na mlango wa betri na wa waya USIFUNGULIWE pwani, kwenye mchanga, na mkono uliolowa. Pale kuna mpira mwembamba, chembe moja ya mchanga au unywele ukikaa pale maji yanapata njia, na hakuna mita 15 tena. Funga, tazama kile kifungo cha pili kimeingia, ndipo uende. Usiiache juani kwenye sakafu ya mtumbwi kisha ukaitumbukiza majini ghafla, lenzi inaweza kufanya ukungu kwa ndani.

Bei. Ilipotoka ilikuwa karibu dola 450 Marekani, TG-7 ilitoka kwa kama 550. Madukani Pemba sijaiona, na hata sokoni Darajani, Unguja, sijaikuta, nyingi zinakuja na watu. TG-7 kubwa lililobadilika kwa matumizi yetu ni tundu la chaji la USB-C, kwa hiyo kama TG-6 iliyotumika ipo nzima na kwa bei nzuri, msione haya kuichukua. Na mwenye kuuliza simu je, kwenye mfuko wa plastiki wa kuzuia maji? Kwa picha za diko, mnada, nyumbani, simu inatosha kabisa, msinunue kamera. Kwa mwambani hapana, mfuko unafanya ukungu, skrini haisikii, na hakuna anayekubali kuitia simu yake shimoni mwa pweza.

Kwa wanaoandika bajeti za miradi: badala ya kamera sita nunueni nne, zilizobaki ziwe hela za karatasi, laminesheni, nauli ya kurudi kijijini na nakala za kila mtu. Hiyo sehemu ndiyo inayosahauliwa kila mara.

Nyota nampa nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya usiku. Na kwa vile tunatafuta moja ya akiba, aliye na TG-6 anayeiuza na yupo Pemba, kabla hatujazungumza bei anitumie picha ya ule mpira wa mlango wa betri, aipige kwa karibu, na mlango uwe wazi.